Mafundi wa Nguo za Watoto, Kutoka Kilifi Mpaka Malindi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa barabara ya pwani ana mwendo wa kilomita 120 hivi mbele yake. Upande wake wa kulia bahari i karibu, ingawa mara nyingi haionekani kwa sababu ya minazi na mikorosho; upande wa kushoto ni nchi ya Wagiriama na ndugu zao wengine wa Mijikenda, nayo hupanda polepole kuelekea bara. Watu wengi wameandika habari za njia hii, wakasifu magofu yake, fukwe zake na samaki wake. Katika makala hii nataka kueleza jambo moja ambalo wasafiri hulipita bila kulitazama, yaani kazi ya mafundi wa cherehani wanaoshona nguo za watoto. Ni jambo dogo kwa macho. Lakini si dogo kwa mzazi mwenye watoto wanne ambaye mapato yake ni nazi na mahindi, wala kwa karani apokeaye mshahara mwisho wa mwezi na kukuta kaptula ya mwanawe imekwisha kuwa fupi.

Ukiisha kupita Mtwapa, na mashamba ya mkonge ya Vipingo, na njia panda ya kwenda Takaungu, utafika penye hori ya Kilifi. Zamani magari yote yalivushwa hapa kwa feri, na msafiri aliyechelewa aliweza kungoja saa nyingi. Daraja lilikamilika mwaka 1991, na siku hizi lori lenye majora ya vitambaa kutoka Mombasa huvuka hori kwa muda mfupi tu. Ng'ambo ya pili ndipo ulipo mji wa Kilifi, na hapo ndipo tutakapoanza.

Katika vibaraza vya maduka utawaona mafundi wameketi mbele ya cherehani za kukanyaga kwa miguu. Wengine ni wanaume, wengine ni wanawake. Na kila mmoja ana mkasi wake, chaki, utepe wa kupimia, na kikopo cha pini na vifungo. Kazi yao ina majira, kama kilimo kilivyo na majira. Mwezi wa Januari, shule zinapoanza mwaka, ni wakati wa sare: kaptula, sketi na mashati. Kisha ziko Idi mbili, ambazo kila mwaka hutangulia siku 11 hivi kwa kuwa zafuata mwezi mwandamo. Mwishoni mwa mwaka huja Krismasi. Nje ya majira hayo fundi huishi kwa kutia viraka, kubadili zipu na kupunguza nguo za mitumba.

Sasa tutazame jinsi fundi hodari anavyoshona sketi ya mtoto wa miaka sita, yenye bitana ndani na mpira kiunoni. Kwanza kabisa, kitambaa cha pamba huloweshwa na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa maana pamba hurudi ikipata maji, na nguo iliyokatwa bila kuloweshwa hubana mara ifuliwapo. Kisha mtoto hupimwa yeye mwenyewe, si kwa kukisia umri wake, kwa sababu watoto wawili wa miaka sita waweza kuachana sana. Tuseme kiuno chake ni sentimeta 56. Kitambaa cha nje hukatwa kwa upana wa kiuno hicho mara moja na nusu au mara mbili, ili kifanye marinda. Bitana hukatwa kwa upana mdogo kidogo, na urefu wake hupungua sentimeta mbili, ili isichungulie chini ya sketi.

Vitambaa hivyo viwili hushonwa mbalimbali ubavuni. Halafu bitana huingizwa ndani ya sketi, mishono ikitazamana, na vyote viwili huunganishwa kiunoni kwa bandi. Hapo fundi hukunja ukingo wa juu mara mbili, mkunjo wa kwanza mwembamba na wa pili wenye upana wa mpira na nafasi ndogo ya ziada, akaushona kuzunguka kiuno na kuacha mlango wa sentimeta tano hivi. Mpira hufungwa kwenye pini, ukapitishwa katika njia hiyo mpaka utokee mahali ulipoingilia. Ncha zake mbili hupishanishwa na kushonwa kwa nguvu, ndipo mlango ufungwe. Mwisho, fundi hupiga mshono mmoja wa kusimama katika kila ubavu, kupita kitambaa na mpira pamoja, ili mpira usijipinde ndani kama kamba.

Kufika hapo, mafundi wengi wako sawa. Tofauti ya fundi mzuri huonekana katika mambo matatu ambayo mnunuzi hayaoni.

Jambo la kwanza ni mpira wenyewe. Kwa kiuno cha sentimeta 56, mpira wa sentimeta 52 ukiwa umekwisha kushonwa watosha kushika nguo bila kumkaba mtoto. Fundi asiyefikiri hukata 54, akapishanisha sentimeta mbili, basi. Fundi mwenye busara hukata 58, akapishanisha sentimeta sita. Mwaka ujao, kiuno kikinenepa, mama mwenye nyumba hufumua mshono ule mdogo na kuachia sentimeta nne, pasipo kununua mpira mpya. Dalili ya mpira unaobana ni alama nyekundu juu ya tumbo la mtoto jioni avuapo nguo. Vidole viwili vya mtu mzima vipite kwa urahisi kati ya mpira na tumbo; visipopita, nguo hiyo haifai hata ikiwa nzuri namna gani.

Jambo la pili ni upindo wa chini. Mtoto wa umri wa shule ya msingi huongezeka kimo kiasi cha sentimeta tano au sita kwa mwaka. Basi upindo wa sentimeta moja ni sawa na kumwambia mzazi arudi dukani kabla ya mwaka kwisha. Lakini upindo wa sentimeta tano wampa mwaka wa pili. Na kwa kuwa bitana imeshikwa kiunoni tu, huku chini ikining'inia peke yake, upindo wa nje waweza kushushwa bila kuigusa.

Jambo la tatu ni mlango wa mpira. Wengine huacha kitundu kidogo upande wa ndani, katika bitana, kikafungwa kwa mishono michache ya mkono. Mpira hufa kabla ya kitambaa. Ukifa, hutolewa kwa kitundu hicho na mwingine kutiwa, wala nguo haifumuliwi.

Tukiacha Kilifi tukaelekea kaskazini, barabara yapita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na baada ya mwendo wa kilomita 45 hivi twafika Gede. Mji huu wa kale ulijengwa kwa mawe ya matumbawe, ukasitawi sana katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 watu wake wakawa wamekwisha kuuhama. Bwana James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Wachimbaji walizipa nyumba majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Iko Nyumba ya Sanduku la Pembe, iko Nyumba ya Ushanga wa Venice, na iko moja iitwayo Nyumba ya Mkasi. Msafiri aliyetoka kutazama mafundi wa Kilifi na asimame kidogo mbele ya nyumba hiyo. Mamia ya miaka kabla ya cherehani ya kwanza kufika pwani hii, palikuwa na mtu hapa aliyekuwa na mkasi nyumbani mwake.

Kutoka Gede mpaka Malindi ni kama kilomita 15. Malindi ni mji uliozoea nguo za ng'ambo tangu zamani. Vasco da Gama alipofika mwezi wa Aprili mwaka 1498, alikuta merikebu za Wahindi bandarini, na mmoja wa watu wake aliandika kwamba mfalme wa Malindi alivaa joho la hariri ya damaski lililotiwa atlasi ya kijani. Baadaye kidogo, mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno mwingine, Duarte Barbosa, alieleza jinsi wafanya biashara wa mji huu walivyokuwa wakibadilishana mali na watu wa Cambay, na nguo ilikuwa miongoni mwa mali hiyo. Basi kuongeza kitambaa kizuri juu ya kitambaa kingine si ugeni katika mji huu.

Hapa Malindi, siku za kukaribia Idi, ndipo utakapoiona kazi ya bitana ilivyo. Gauni la msichana la sikukuu hushonwa kwa atlasi, au kwa kitambaa cha wavu chenye maua ya kumetameta. Mgeni aweza kuuliza: katika nchi yenye joto kama hii, bitana ya nini? Jawabu lake ni kwamba kitambaa cha kumetameta aghalabu kimefumwa kwa nyuzi za kiwandani zisizonywa jasho, na kingo zake hukwaruza. Mtoto aliyevikwa gauni kama hilo bila bitana hujikuna mbele ya wageni na kulia kabla ya chakula cha mchana, na mama yake humkemea bure. Tena kitambaa chepesi huonyesha mwili dhidi ya jua, na sitara ni jambo kubwa kwa watu wa pwani, hata kwa mtoto. Na katika kaptula ya shule, bitana ya makalioni huzuia nguo isichanike mapema kwa kukaa juu ya madawati na mawe.

Lakini si kila bitana ifaayo. Bitana ya nailoni ni rahisi na inateleza vizuri, ila huzuia jasho, na katika miezi ya kaskazi, Januari mpaka Machi, huchoma kama mfuko. Bitana nzuri ya pwani ni ya pamba nyembamba, kama bafta. Nyumba nyingi hutumia kitu kilicho bora zaidi, nacho ni kanga kuukuu. Kanga iliyofuliwa miaka mingi huwa laini, imekwisha kurudi yote inayoweza kurudi, na rangi yake haitoki tena. Kanga hiyo hiyo ilikuwa vazi la mama, kisha ikawa mbeleko. Ikiingia ndani ya gauni la mtoto haijapoteza heshima yake. Yapasa tu kuangalia kwamba maandishi yake yasionekane kupitia kitambaa cheupe.

Kitambaa nacho kina historia yake. Katika karne ya 19 nguo iliyotembea sana Afrika ya Mashariki ilikuwa marekani, kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi, kilicholetwa na merikebu za wafanya biashara wa Salem katika Massachusetts. Sayyid Said wa Unguja alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea huko Marekani, mwaka 1861 mpaka 1865, pamba ikaadimika, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikachukua soko. Jina la kitambaa likabaki kwetu. Kabla ya karne hiyo kwisha kanga ikazaliwa, na huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo kanga zake zajulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887.

Ukivuka mto Sabaki kaskazini ya Malindi, ukaenda upande wa Mambrui na Marafa, utafika katika vijiji ambamo wanawake wazee wa Kigiriama wangali na hando. Hili ni vazi la kiunoni, lenye tabaka nyingi za kitambaa zilizokunjwa marinda madogo madogo. Mwezi wa Agosti, watu wakusanyikapo Malindi kumkumbuka Mekatilili wa Menza, wanawake huyavaa mahando hayo na kucheza ngoma, nayo hutikisika pamoja nao. Mtu akitazama vizuri ataona kwamba elimu ya kukusanya nguo pana katika kiuno chembamba haikuletwa na kiwanda cha mpira.

Mpira nao una kisa chake katika nchi hii. Thomas Hancock wa Uingereza alipata hati ya kutengeneza vifungio vya mpira vya glavu na soksi mwaka 1820, na tangu hapo dunia ikazidi kutaka utomvu huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kizungu walifungua mashamba karibu na Malindi wakijaribu kupanda mipira na pamba. Wagiriama hawakutaka kuacha mashamba yao ili kuwa vibarua wa watu wengine, na kulazimishwa kazi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoleta vita vya mwaka 1914. Bei ya mpira nayo ilianguka, kwa kuwa mashamba makubwa ya Malaya na Ceylon yalitoa mpira mwingi. Tangu mwaka 1958, Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont alipovumbua uzi wa kunyumbuka usiotokana na mti, nguo nyingi hutumia uzi huo. Hata hivyo mpira wa kawaida uuzwao kwa mita madukani bado una adui wale wale: pasi ya moto, maji yanayochemka, na jua kali. Nguo yenye mpira na ianikwe kivulini, na pasi isipite kiunoni.

Sasa nije kwenye jambo zito. Mafundi hawa wamo katika taabu. Tangu miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, mitumba iliingia Kenya kwa wingi, na baadaye nguo mpya za bei ndogo kutoka nchi za Asia. Viwanda vingi vya nguo vya Kenya vilidhoofika au kufungwa. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2000 viwanda vya Kenya vilipata nafasi ya kushona nguo na kuziuza huko bila ushuru, hata ikawa nguo mpya zashonwa kwetu na kuvaliwa Marekani, na nguo zilizokwisha kuvaliwa huko zaletwa kwetu kwa marobota. Simlaumu mzazi anunuaye mitumba. Nguo zake nyingi ni imara, na mtu mwenye haja hachagui. Lakini afadhali ajue anachonunua. Kaptula mpya ya bei ndogo huwa na upindo mwembamba, mpira uliopishanishwa kidogo sana, na haina bitana. Haiwezi kukua pamoja na mtoto. Mzazi anunuaye mbili za namna hiyo kwa muda ambao moja ya fundi ingetosha, amelipa zaidi ingawa kila mara alitoa kidogo.

Hasara nyingine ni kubwa kuliko hiyo. Fundi akiacha cherehani kwa kukosa kazi, si nguo mpya tu zitakazokosa mshonaji. Nani atakayeshusha upindo? Nani atakayetia mpira mpya, au kumshonea mtoto mlemavu nguo inayolingana na mwili wake, ambayo haipatikani katika robota lolote? Ujuzi wa namna hii hauandikwi. Hupita kutoka mkono mmoja hata mwingine, na mkono ukikosekana mwaka mmoja au miwili, njia imekatika. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoundwa, ushoni ulikuwa miongoni mwa kazi kilizowafundisha wanawake wa Kenya, na mabibi wengi waliojifunza wakati ule waliwavika watoto wao kwa mikono yao wenyewe. Katiba ya mwaka 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kazi za nyumbani. Kaunti ya Kilifi, ambayo sasa yashika Kilifi na Malindi pamoja, ina watu wa kufundisha wakiwa hai, wameketi vibarazani. Kijana amalizaye chuo bila cherehani ni kama mvuvi asiye na chombo; kwa hiyo mafunzo na chombo yafaa viende pamoja.

Nasi wazazi tunayo sehemu yetu. Mpeleke mtoto akapimwe wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa, si siku mbili, kwa maana fundi anayeharakishwa hukata upindo mfupi. Mwambie waziwazi kwamba wataka upindo wa sentimeta tano, mpira wa kuachia, na bitana ya pamba. Geuza nguo nje ndani kabla ya kulipa, uitazame mishono yake. Ukiridhika, lipa bei yake bila kumchosha, kwa sababu kazi iliyofichwa ndani ilimchukua muda mrefu kuliko ile inayoonekana nje. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa katika jambo hili bado ni mdogo, na uzi wa kuuziba wauzwa Kilifi na Malindi kwa fedha chache.